Kilichotiwa Kwenye Maji: Safari ya Rejeta Kutoka Mannheim Hadi Kitonga

Mwezi Agosti 1888, katika mji wa Mannheim nchini Ujerumani, mama mmoja alitoka nyumbani alfajiri na wanawe wawili bila kumuaga mumewe. Mama huyo ni Bertha Benz. Watoto ni Eugen na Richard. Chombo walichopanda kilikuwa gari la magurudumu matatu alilolibuni mumewe, Karl, nao walikuwa wanakwenda Pforzheim kwa mama yake Bertha, safari ya kilomita 100 hivi. Hadi siku ile hapakuwa na mtu aliyewahi kwenda mbali kiasi hicho kwa gari la injini ya mafuta.

Wasimulizi wengi hupenda kutaja pini ya kofia aliyozibulia bomba la mafuta, au duka la dawa la Wiesloch alikonunua ligroini ya kuendeshea gari. Mimi huvutwa zaidi na maji. Gari lile halikuwa na rejeta. Maji yaliizunguka silinda, yakapata moto, yakachemka, na mvuke ukapaa zake angani. Hivyo ndivyo injini ilivyopozwa. Kupoza kwa namna hiyo kunafaa, ila kunataka maji mengi mno. Ikawa kila baada ya mwendo mfupi safari inasimama, na Bertha na wanawe wanatafuta maji: kwenye nyumba ya wageni, kwenye kijito, popote yalipopatikana. Walifika Pforzheim jioni.

Yalikuwa maji matupu. Na kwa kazi ya kubeba joto, maji matupu hayana mshindani wa bei yake. Kilo moja ya maji humeza kilojuli 4.18 ili kupanda nyuzi moja tu ya Selsiasi, na vimiminika vingi tunavyovijua humeza karibu nusu tu ya hapo. Injini inahitaji mbebaji wa namna hiyo kwa sababu sehemu kubwa ya joto la mafuta yanayoungua haigeuki kuwa mwendo. Baadhi yake hubaki kwenye chuma, na lisipoondolewa pistoni hutanuka na kung'ang'ania ukuta wa silinda.

Lakini maji yana maovu mawili. Yakifikia nyuzi sifuri huganda, na yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, nguvu ya kutosha kupasua bloku ya chuma cha kusubu. Ovu la pili halina majira: maji hula metali. Nchi za baridi ziliona ovu la kwanza mapema, kwa sababu lilipasua injini usiku mmoja. La pili lilikuwa likifanya kazi kimyakimya, na ndilo linalotuhusu sisi tunaoishi mahali ambapo rejeta haigandi hata siku moja. Kwetu dawa ya rejeta, ile inayochanganywa na maji, iliingia na sifa ya kuwa dawa ya baridi, tukaamua kwamba si yetu. Uamuzi huo umeua injini nyingi, na ndiyo sababu ya mimi kuirudia historia hii tangu mwanzo wake.

Baada ya Benz, tatizo la kwanza kutatuliwa lilikuwa la kuyarudisha maji yaleyale badala ya kuyapoteza. Wilhelm Maybach, fundi mkuu wa Gottlieb Daimler, alijaribu mwaka 1889 kuyapitisha ndani ya mabomba yaliyokuwa fremu ya gari lenyewe. Jibu lake kubwa lilikuja na gari la Mercedes la nguvu farasi 35, lililoagizwa na mfanyabiashara Emil Jellinek na kukamilika Desemba 1900. Mbele ya gari hilo Maybach aliweka rejeta iliyofanana na sega la nyuki: mirija midogo 8,070, kila mmoja milimita 6 kwa 6, upepo ukipita ndani ya mirija na maji yakizunguka nje yake. Fundi wa leo akionyeshwa picha ya rejeta ile ataitambua mara moja.

Rejeta ile ilileta pia balaa ambalo halikuwapo kwenye gari la Bertha. Maji sasa yalikaa mahali pamoja miezi na miezi, yakigusa chuma cha injini, shaba ya rejeta na risasi ya kulehemu. Metali mbili za jinsi tofauti zikilowa katika maji yenye chumvi kidogo huwa betri. Mkondo wa umeme hupita baina yao, na iliyo dhaifu huliwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa wakati ule, hata hivyo, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulifikiria hilo, kwa maana Marekani ilikuwa imeanza kununua magari kwa mamilioni, na Marekani ya kaskazini ina baridi kali.

Ford aina ya T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, ilipita idadi ya milioni 15. Magari 2,500 ya mwanzo tu ndiyo yaliyokuwa na pampu ya maji. Yaliyobaki yalitegemea tabia ya maji yenyewe: yakipata moto hupanda, yakipoa hushuka, yakazunguka bila kusukumwa. Mkulima wa Minnesota mwenye gari hilo alikuwa na njia mbili wakati wa majira ya baridi. Ya kwanza ni kumwaga maji kila jioni na kuyapasha moto jikoni kila asubuhi. Ya pili ni kutia kitu ndani yake kitakachoyazuia yasigande.

Walitia kila walichokuwa nacho. Walioona kwamba maji ya chumvi hayagandi upesi walitumia kloridi ya kalsiamu, nayo ikala rejeta kuliko baridi ambavyo ingefanya. Wapo waliotia sukari au asali. Vitu hivyo huzuia kuganda kidogo, kisha huacha nata na kaboni ndani ya mirija. Wengine walimwaga maji yote wakaweka mafuta ya taa, yanayobeba joto vibaya, yanayoharibu mipira, na yanayowaka. Gliserini ilikuwa bora, lakini ghali, na kwenye baridi kali huwa nzito kama uji. Mshindi wa miaka ile akawa alkoholi: methanoli, inayochemka kwa nyuzi 65, au ethanoli iliyotiwa sumu isinyweke, inayochemka kwa nyuzi 78. Waona tatizo lake. Alkoholi huchemka kabla ya maji. Siku ya jua katikati ya majira ya baridi, au mlima mmoja mrefu, nayo inapaa yote hewani. Jioni baridi inarudi, na mwenye gari analala akiamini kwamba yu salama. Asubuhi anakuta bloku ina ufa.

Kitu kilichomaliza mashaka hayo kilikuwa kimekaa kwenye rafu za maabara kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1856 mkemia Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz alitengeneza kimiminika kisicho rangi, kizito kidogo, chenye utamu. Kwa kuwa tabia zake zilikuwa kati ya gliserini na alkoholi, aliunganisha majina hayo mawili akakiita glaikoli. Ndiyo ethilini glaikoli tunayoijua leo. Kwa miaka mingi haikupata kazi kubwa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuia gliserini kufika Ujerumani, Wajerumani waliitumia kutengenezea baruti. Baada ya vita, huko West Virginia nchini Marekani, kampuni ya Carbide and Carbon Chemicals ilijifunza kuitengeneza kwa wingi, na mwaka 1927 ikaanza kuuzwa kwa madereva kwa jina la Prestone.

Glaikoli huchemka kwa nyuzi 197. Haipai kama alkoholi. Ukiitia mwanzoni mwa baridi, mwishoni ungali nayo. Jambo lake la ajabu zaidi, na ambalo hata leo linawachanganya mafundi wazuri, ni kwamba ikiwa peke yake huganda kwa takriban nyuzi 13 chini ya sifuri, lakini ikichanganywa na maji nusu kwa nusu haigandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Molekuli za kila kimoja huzizuia za mwenzake zisijipange kuwa barafu. Mchanganyiko huo pia huchemka kwa nyuzi 106 au 107 badala ya 100. Hapo ndipo ilipofichika faida ya kwanza kwa nchi za joto, ingawa makopo ya wakati ule yaliandikwa habari za theluji tu.

Waunda ndege ndio waliogundua thamani ya upande wa pili, upande wa joto. Rejeta ya ndege ni mzigo unaokabili upepo. Ikipunguzwa ukubwa, ndege inakwenda kasi zaidi. Kimiminika kikiruhusiwa kuwa cha moto kuliko maji yanavyoweza, rejeta ndogo inatosha, kwa sababu joto huhamia hewani haraka zaidi tofauti inapokuwa kubwa. Rolls-Royce walipoiunda Merlin, injini ya Spitfire na Hurricane, waliipoza kwa glaikoli tupu. Ilifanya kazi, kwa gharama zake. Glaikoli tupu hubeba joto kidogo kuliko maji, hupenya kwenye viungo, na ikivuja juu ya mabomba ya moshi yaliyowiva huweza kuwaka. Aina za baadaye za Merlin, ikiwemo ile ya Spitfire ya toleo la pili mwaka 1940, zilibadilishwa: maji asilimia 70, glaikoli asilimia 30, na mfumo mzima ukawekwa chini ya shinikizo ili maji yasichemke. Hilo la shinikizo ndilo lililotufikia sote. Mfuniko wa rejeta ya gari lako una springi inayozuia mvuke usitoke, na shinikizo la kawaida la mfuniko hupandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20. Mfuniko uliochoka, wa bei ya chini kabisa katika gari zima, unaweza kuwa chanzo chote cha gari kuchemsha.

Wakati huohuo, jangwani, ofisa Mwingereza aliyeitwa Ralph Bagnold alikuwa akilitatua tatizo la maji bila glaikoli. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 yeye na wenzake walikuwa wakiingia katika jangwa la Libya kwa magari ya Ford, wakitokea Cairo, mahali ambapo lita moja ya maji iliyopotea kwenye rejeta ni lita moja iliyotoka kinywani mwa mtu. Bagnold aliziba tundu la kutolea mvuke, akauongoza kwa bomba hadi kwenye kopo lililofungwa ubavuni mwa gari, likiwa na maji kiasi. Mvuke ukiingia humo ulipoa ukawa maji. Kopo likianza kuchemka, dereva alisimama, akaligeuza gari likabili upepo, akasubiri kidogo. Rejeta ilipopoa, ombwe ndani yake likayavuta maji yote kutoka kwenye kopo na kuyarudisha. Mwaka 1940 alipounda kikosi cha doria ya masafa marefu, malori yake yalibeba kifaa hichohicho na kukata jangwa kwa majuma. Fungua boneti ya magari mengi ya siku hizi utaona chupa ya plastiki iliyounganishwa na rejeta kwa mpira mwembamba. Ni kopo la Bagnold, kwa kanuni ileile.

Sasa tulirudie lile ovu la pili.

Glaikoli yenyewe si rafiki wa metali. Ikikaa katika joto na hewa huchachuka polepole na kuwa asidi, na asidi hula kila kitu. Kwa hiyo dawa ya baridi ilihitaji dawa nyingine ndani yake, na hapo ndipo kemia ya kweli ya rejeta ilipoanza. Waingereza waliiweka kwenye vitabu vya viwango mwaka 1959, kwa namba tatu zinazofuatana, 3150, 3151 na 3152, kila moja ikiwa na kizuia kutu cha aina yake: ya kwanza fosfati na mwenzake wa kulinda shaba, ya pili benzoati na naitraiti, ya tatu boraksi. Kila dawa ilikuwa na metali inayoilinda vizuri na nyingine inayoipuuza. Benzoati na naitraiti zilihitajiana, kwa maana naitraiti peke yake ilikilinda chuma huku ikiishambulia risasi ya kulehemu. Kuna nini cha kujifunza hapo? Kwamba maji ya rejeta ni kama mchuzi wa pilau: kiungo kimoja kikizidi, au kikikosa mwenzake, chungu chote kimeharibika.

Ujio wa alumini ulilifanya somo hilo kuwa chungu zaidi. Mwaka 1961 General Motors ilitoa injini nyepesi ya silinda nane, bloku yake ikiwa ya alumini, ya inchi za ujazo 215, katika magari ya Buick na ndugu zake. Ilikuwa injini nzuri. Lakini wenye magari walitia dawa waliyozoea kuitia katika injini za chuma, dawa isiyopatana na alumini. Mabaki ya alumini iliyoliwa yalisafiri hadi kwenye rejeta yakaziba mirija, injini zikachemsha. Baada ya miaka mitatu tu General Motors iliiacha. Mwaka 1965 Rover ya Uingereza iliinunua haki ya kuitengeneza, ikairekebisha, na mwaka 1970 ikaiweka ndani ya Range Rover, gari lililokuja kupita katika mbuga na milima yetu likiwabeba wakubwa na watalii. Injini iliyokataliwa kwao iliishi zaidi ya miaka 30 ikiwa mikononi mwa Waingereza. Sharti lake halikubadilika: isitiwe maji matupu. Nani alilisoma sharti hilo? Range Rover za zamani zilizokufa kwa gasketi na hedi zilizoliwa zinajibu vyema.

Alumini iliokolewa na silikati, dawa inayotandaza utando mwembamba kama kioo juu ya metali katika dakika chache. Ubaya wake ni kwamba huisha. Baada ya miaka miwili hivi utando hauna cha kujifanyia upya. Hapo dunia ikagawanyika, na mgawanyiko huo ndio unaowachanganya wenye magari wa Dar es Salaam na Mombasa hadi leo. Watengenezaji wa Ulaya waliikataa fosfati, kwa sababu maji ya Ulaya ni magumu, yamejaa kalsiamu na magnesiamu, na fosfati ikikutana nayo hujenga magamba ndani ya mirija. Wajapani waliikataa silikati, kwa kuhofia kwamba inasaga sili za pampu ya maji, wakashika fosfati, maana maji yao ni laini. Kila upande ulikuwa sahihi kwa maji ya kwao. Kisha Wamarekani, General Motors pamoja na Texaco, wakaleta mwaka 1995 njia ya tatu: asidi za ogani, zisizotandaza utando kila mahali bali zinazokimbilia pale tu kutu inapoanza. Iliitwa Dex-Cool, ya rangi ya machungwa, na iliahidiwa kudumu miaka mitano. Katika baadhi ya magari, hasa kiwango kiliposhuka na hewa ikaingia, iligeuka tope la rangi ya kutu. Wenye magari walikwenda mahakamani kwa pamoja, na shauri likamalizwa kwa maafikiano mwaka 2008.

Kuhusu rangi niseme jambo moja kwa msisitizo: rangi si dawa. Ni rangi tu. Kijani cha kampuni hii na kijani cha kampuni ile vyaweza kuwa vitu viwili visivyosalimiana, na nyekundu ya Mjapani si nyekundu ya Mjerumani. Hakuna sheria ya dunia inayosema rangi fulani ni kemikali fulani. Anayechagua dawa ya rejeta kwa kulinganisha rangi anachagua kwa kubahatisha.

Kuna sura nyingine inayowahusu wenye malori peke yao, nayo ni ya viputo. Mwaka 1917 mwanafizikia Lord Rayleigh alipiga hesabu ya kinachotokea kiputo kinapoporomoka ndani ya maji. Shida ilikuwa ya meli: rafadha zilizozunguka kwa kasi zilikutwa zimedonolewa kama zimepigwa risasi ndogo ndogo. Rayleigh alionyesha kwamba kiputo kikianguka ndani huzaa shinikizo kubwa ajabu mahali padogo mno. Baada ya miongo michache, mafundi wa injini kubwa za dizeli wakakuta vidonda vilevile kwenye slivu zinazozungukwa na maji. Kila pistoni inapopiga, slivu hutetemeka kama kengele. Ikirudi nyuma kwa kasi, maji hayawahi kuifuata. Viputo huzaliwa, kisha huporomoka juu ya chuma. Hupiga mara elfu na elfu, palepale, mpaka tundu linatoboka na maji yanaingia kwenye oili. Lori lililokuwa zima asubuhi linakutwa na oili ya rangi ya maziwa.

Dawa yake ni naitraiti, wakati mwingine pamoja na molibdati. Hujenga juu ya slivu ngozi nyembamba ya oksaidi. Kiputo kinaichubua ngozi badala ya chuma, nayo inajiponya. Lakini inajiponya kwa kuitumia naitraiti, kwa hiyo huisha na lazima iongezwe. Ndiyo maana kuna dawa ya nyongeza inayotiwa kila baada ya kilomita fulani, au inayowekwa ndani ya filta ya maji, na vikaratasi vinavyochovywa kwenye rejeta na kugeuka rangi ili fundi ajue kilichobaki. Ikipungua, slivu zinatoboka. Ikizidi, masalia yake huziba mirija. Fundi anayechovya karatasi hiyo kabla ya kuongeza chochote anastahili mshahara mnono.

Malori yanatufikisha nyumbani. Novemba 1965 serikali ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru huko Rhodesia, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta upande wa kusini. Mafuta yakapitishwa Dar es Salaam, yakiwa kwenye mapipa, juu ya malori, yakiwemo ya Fiat, kwenye barabara ya vumbi na tope ambayo Waingereza waliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la Dar es Salaam hadi Ndola lilipofunguliwa mwaka 1968 mzigo ulipungua, na lami ikafuata katika miaka ya mwanzo ya 1970. Milima haikusogea. Kitonga, pale barabara inapoliacha bonde na kupanda kuelekea Iringa, ni mahali ambapo lori lenye shehena linakwenda mwendo wa mtu anayetembea, injini ikiwa kwenye nguvu zake zote na upepo ukiwa haufiki kwenye rejeta. Na ukifika juu huko Iringa, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, maji matupu huchemka kwa takriban nyuzi 95 badala ya 100. Mlima unakunyima nyuzi tano palepale unapozihitaji. Glaikoli na mfuniko mzima hukurudishia hizo tano na nyingine zaidi ya 20. Dawa hii, iliyobuniwa kwa ajili ya theluji, ina kazi ya kila siku Kitonga.

Badala yake yanatiwa maji ya bomba au ya kisima. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi ya kloridi ndiyo adui mkubwa wa alumini. Ndani ya mwaka mmoja au miwili ukoko unajijenga kama ule wa birika, mirija inaziba, pampu inaliwa mapanga yake. Kisha rejeta inavuja, na hapo mitaani kuna tiba zake: yai bichi, pilipili manga, unga wa bizari. Tusiwacheke wanaofanya hivyo. Kanuni ni ya kweli. Protini ya yai huiva penye joto na kuziba tundu, na chembe za mmea hunasa kwenye ufa. Hata Cadillac ya mwaka 1982, gari la kifahari, iliyokuwa na bloku ya alumini na hedi za chuma, ilitiwa vidonge vya kuzibia mivujo tangu kiwandani, na vidonge vya jinsi hiyo hutengenezwa kwa unga wa mimea, tangawizi ikiwemo. Tofauti ni kipimo. Yai halijui tundu la kuvuja ni lipi na mrija wa hita ni upi, huziba vyote.

Na utamu ule aliouonja Wurtz una hatari yake, ambayo lazima isemwe wazi. Glaikoli ni sumu. Ini huigeuza kuwa asidi, na asidi ya mwisho hushikana na kalsiamu ya mwili kuwa fuwele zinazoziba figo. Mtoto au mbwa hainywi kwa kulazimishwa. Huinywa kwa sababu ni tamu. Mwaka 1937 huko Marekani ndugu yake, diethilini glaikoli, alitumiwa kuyeyushia dawa ya watoto na watu wazima, na zaidi ya watu 100 wakafa. Msiba huo ndio uliozaa sheria yao ya vyakula na dawa ya mwaka 1938. Mwaka 1991 jimbo la Oregon liliagiza dawa ya rejeta itiwe uchungu. Ile inayouzwa kwetu si yote iliyotiwa. Nimeiona mara nyingi gerejini ikiwa imehamishiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, chini ya benchi, mahali watoto wa jirani wanapocheza. Aliyeinywa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu tiba ipo na inafanya kazi mapema tu.

Gari lililotumika Japani linashuka bandarini Dar es Salaam likiwa bado na kimiminika chake cha kiwandani, chekundu au cha waridi, chenye fosfati na asidi za ogani zilizopimwa kwa gramu. Mara nyingi hukaa humo mpaka mpira wa kwanza upasuke. Siku hiyo fundi anafungua koki ya chini, maji ya rangi yanatiririka mtaroni, mpira mpya unafungwa, na mpira wa kumwagilia bustani unaingizwa kwenye mdomo wa rejeta mpaka ijae. Mteja analipa kazi ya mpira.

Jioni, Kitonga, lori limeegeshwa kwenye kona, mawe yamewekwa chini ya magurudumu. Utingo ameshuka bondeni na dumu la njano, amerudi nalo begani. Anasubiri mvuke upungue, anafunika mkono kwa gunia, anazungusha mfuniko nusu, anasikiliza. Dereva ameiacha injini ikinguruma ili maji ya baridi yasiipasue hedi. Utingo anamimina kidogo kidogo, anatua, anamimina tena. Dumu limekwisha na maji hayaonekani bado. Analitikisa, analitia kwapani, na kushuka tena kijitoni.